Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 12: Neno aliloniuliza mwanafunzi

 

Jana niliwaahidi kwamba leo tutaendelea na hukumu za fidia, hasa kwa wazee na wagonjwa. Nawaombeni radhi, fidia itasubiri mpaka kesho in shaa Allah. Leo nina deni jingine. Sehemu ya deni hilo nimeshalilipa darasani, na sehemu iliyobaki naona nilipe hapa kwenu, maana miongoni mwenu wamo wazazi wa wanafunzi wangu, na mmoja wao ndiye aliyenifungua macho. Binti yake na yeye wote wawili wameniruhusu niandike, ila majina tuyaache.

Wengi mnanijua kwa mimbari na darsa la baada ya alasiri. Wengine hamjui kwamba asubuhi mimi ni mwalimu wa sekondari. Nafundisha Kiingereza na Maarifa ya Uislamu, mwaka wa kumi na tisa huu. Juzi Jumatatu nilikuwa na kidato cha tatu kipindi cha mwisho, saa nane kasoro mchana. Jua la mwezi huu mnalijua. Darasa lina bati bila dari, wanafunzi hamsini na kitu, na daku yangu ilikuwa kikombe cha chai na kipande cha muhogo kwa sababu niliamka nimechelewa. Naeleza hali ilivyokuwa, sijitetei.

Tulikuwa tunasahihisha zoezi la ufahamu. Binti mmoja, mtoto mpole, wa kukaa dirishani, akanyoosha mkono. Alikuwa na karatasi yake ya mazoezi ya zamani, ameitoa anakojua mwenyewe. Akasema, "Ustadh, samahani, neno hili abstemious lina maana gani?"

Sikulijua. Nililiona zamani chuoni labda, likapita. Miaka kumi na tisa ya kufundisha lugha ya watu, na neno la mtoto wa kidato cha tatu limenikwama kooni mbele ya darasa zima.

Sasa hapa ndipo penyewe. Kulikuwa na neno moja jepesi la kusema: sijui. Herufi tano tu. Badala yake nikamwambia, "Wewe maneno ya kitabuni umeyamaliza yote, mpaka unakwenda kufukua ya makaburini? Au saumu imekupanda kichwani?" Darasa likaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Binti akakaa, akakunja karatasi yake mara mbili, akaitia ndani ya daftari. Nikaendelea na zoezi namba saba kana kwamba hakuna kilichotokea. Wallahi, nilitoka pale nikijiona nimejiokoa.

Usiku, nimerudi tarawehe, nakuta ujumbe wa sauti kwenye simu. Mama yake. Anasalimia vizuri, ananiombea kheri ya mwezi, halafu anasema hivi, na hapa nafupisha: "Ustadh, mwanangu amerudi leo hataki hata kufuturu na wenzake. Nimemuuliza, anasema ameuliza neno darasani wakamcheka. Nilikuwa naomba kujua tu, hilo neno ni baya? Kama ni la matusi nimkanye asirudie tena."

Mama hakunilaumu hata kidogo. Alidhani mwanawe ndiye mwenye kosa. Kwa heshima anayompa ustadh, hakupita akilini mwake kwamba mwenye kosa anaweza kuwa mimi. Nilikaa na ile simu mkononi, mke wangu akaniuliza kuna msiba? Nikamwambia hapana, nitafutie kamusi kubwa.

Basi tukae kidogo na neno lenyewe, maana lina mafundisho, na huenda Allah alilileta kwangu kwa njia ile kwa sababu kwa njia nyingine nisingelisikia.

Abstemious, litamke ab-stii-mi-as, ni sifa ya mtu anayejizuia. Hasa katika kula na kunywa: hapapii chakula, anakula kwa kiasi, na akifika mahali pake anasimama. Kamusi zinaongeza kwamba ni mtu asiyeendekeza matamanio ya nafsi kwa jumla. Nilipousoma mstari ule nilifunga kamusi, nikaifungua tena. Mtoto ameniuliza, ndani ya Ramadhani, nikiwa nimefunga, mtu mwenye kujizuia anaitwaje. Nami nikashindwa kujizuia.

Asili yake ni Kilatini, lugha ya Warumi wa kale. Kwa maelezo yaliyozoeleka ya wanalugha, limeunganishwa na vipande viwili. Cha kwanza, abs, maana yake mbali na. Cha pili, temetum, ni jina la zamani sana la mvinyo, la zamani hata kwa Warumi wenyewe. Pliny, mwandishi wao aliyeishi karne ya kwanza baada ya Nabii Isa (a.s.), ilibidi awaeleze wasomaji wake kwamba hapo kale mvinyo uliitwa hivyo. Kwa hiyo abstemius alikuwa mtu aliye mbali na kileo, basi. Akila mbuzi mzima peke yake, akitukana mtaa mzima, maadamu hajagusa mvinyo, jina lake ni lile lile.

Na huyo Pliny anasimulia jambo ambalo limenichekesha na kuniumiza. Anamnukuu mzee wao Cato kwamba zamani ndugu wa kiume walikuwa wakiwabusu wanawake wa ukoo ili wanuse kama wamekunywa. Wanawake walikatazwa mvinyo, wanaume wakawa walinzi wa vinywa vya wanawake. Vinywa vya wanaume nani alivinusa? Tuliweke hapo, nitalirudia.

Neno likaingia katika Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1600, na halikuchukua muda likaanza kutanuka. Shakespeare analo katika tamthilia ya The Tempest, ambayo kwa Kiswahili tunayo kwa jina la Tufani. Iliigizwa London mbele ya mfalme wao mwaka 1611. Humo mzee Prospero anamwonya kijana anayetaka kumwoa binti yake, kwamba ajizuie mpaka ndoa ifungwe, na neno analotumia ni hili hili. Hapo hakuna mvinyo wala chakula. Neno lililozaliwa kwenye kikombe cha kileo limeshafika kwenye jicho, kwenye mkono na kwenye moyo wa kijana. Leo Mwingereza anaweza kulisema kwa mtu anayejizuia chochote kile.

Yaani lilianza dogo likakua.

Sasa hebu tutazame neno letu. Saumu. (Msilichanganye na kitunguu saumu, lile asili yake ni jingine kabisa, thuum.) Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa nalo tayari, na lilikuwa pana mno. Farasi akisimama amezuiwa, hali majani, hatembei, walisema amefunga. Upepo ukitulia, walisema upepo umefunga. Jua likifika katikati ya mbingu, likionekana kama limesimama, walisema mchana umefunga. Wanazuoni wa lugha wanakusanya yote hayo kwa neno moja, imsak, kushika na kujizuia. Hata hiyo imsaki mnayoisikia kwenye ratiba za Ramadhani ndiyo hiyo hiyo.

Na Qur'ani nayo imelitumia kwa upana huo. Katika Sura Maryam, aya ya 26, Bibi Maryam (a.s.) anaamrishwa aseme kwamba ameweka nadhiri ya saumu kwa Mwingi wa Rehema, kwa hiyo hatazungumza na mtu siku ile. Na aya hiyo hiyo inaanza kwa kumwambia ale na anywe! Tumbo lake limefunguliwa, ulimi wake ndio umefunga. Hebu litafakari hilo wewe unayeniona naandika habari za maneno ya kizungu ukadhani nimepotea njia.

Ikaja sharia, ikatuwekea saumu yenye mipaka yake: kula, kunywa, na jambo la mke na mume, kuanzia alfajiri mpaka magharibi. Hizo ndizo nguzo za kisharia, hakuna mchezo hapo. Lakini Mtume wetu (s.a.w.) hakutuachia tuishie hapo. Katika Sahihi Bukhari imo hadithi mashuhuri, maana yake ni kwamba asiyeacha uongo na kuutendea kazi, Allah hana haja na kuacha kwake chakula na kinywaji. Na nyingine ya Bukhari na Muslim inayoeleza kwamba saumu ni ngao, na kwamba mmoja wetu akitukanwa au akichokozwa aseme kuwa yeye amefunga.

Tazameni basi kilichotupata. Neno la Warumi lilianza kwenye kikombe kimoja likapanuka mpaka likashika maisha. Neno letu lilianza pana kama jangwa, limeshika farasi na upepo na jua na ulimi wa Bibi Maryam, na sisi tumelikunja kunja mpaka limebaki tumbo peke yake. Mtu akikuuliza, "Umefunga?" anauliza kama umekula. Hakuna anayeuliza zaidi ya hapo.

Ila nataka niwatetee wazee wetu kidogo. Walipotafuta neno la Kiswahili la ibada hii, walichukua kufunga. Wangeweza kusema kushinda njaa. Walichagua kitendo cha kamba na fundo, cha mlango na komeo. Unafunga mlango, unafunga mzigo, unafunga mbuzi. Na kila mtu aliyefuga anajua mbuzi anafungwaje. Ukimfunga mguu mmoja ukamwachia kamba ndefu, huyo hujamfunga, umempa ruhusa ya shamba la jirani. Tunasema wenyewe kila siku kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Juzi Jumatatu tumbo langu lilikuwa limefungwa vizuri kabisa, fundo la nanga. Ulimi ulikuwa na kamba ya kufika dirishani alipokaa mtoto wa watu.

Hapa nina jambo ambalo ndilo limenikalisha usiku ule, na nadhani ni lenye faida kuliko yote niliyoyataja.

Katika Sura Al-Baqara aya ya 183, tumeambiwa tumefaradhishiwa saumu ili tupate taqwa. Sote tunaijua, watoto wa madrasa wanaisoma kwa kichwa. Haya, wenye taqwa ni akina nani? Fungua Sura Aal Imran, aya ya 133 na 134. Pepo imeandaliwa kwa wenye taqwa, kisha wanasifiwa: wanaotoa katika raha na katika shida, wanaozuia ghadhabu, wanaosamehe watu. Katika sifa hizo tatu tumbo halikutajwa. Yaani tunafunga matumbo siku thelathini ili tufike mahali ambapo tukielezwa, tunaelezwa kwa mikono yetu na hasira zetu.

Na neno lililotumika kwa wanaozuia ghadhabu ni al-kadhimiin. Asili yake ni kiriba. Wazee wetu walikijua kiriba, mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Mwarabu akikijaza kiriba mpaka pomoni, kisha akakifunga mdomo kwa kamba kisimwagike, kitendo hicho ndicho kadhm. Sura Yusuf, aya ya 84, neno la asili hiyo limetumika kwa Nabii Yaaqub (a.s.), macho yake yamekuwa meupe kwa huzuni ya mwanawe, naye amejaa na kuizuia huzuni ndani.

Mmeiona tofauti? Lile neno la Kilatini linazungumzia umbali. Kaa mbali na kileo, usisogee. Na kwa mambo ya haramu hiyo ndiyo dawa, hata Qur'ani ilipokataza ulevi katika Sura Al-Maida ilituamrisha tujiepushe nao. Usijaribu ushujaa wa kukaa baa ukinywa soda. Lakini hasira huwezi kukaa nayo mbali. Aibu ya kutojua huwezi kukaa nayo mbali. Uchovu, njaa, dharau uliyofanyiwa kazini, deni linalokuamsha usiku, vyote vimo ndani tayari, vimejaa. Kwa hivyo umbali hausaidii. Kinachotakiwa ni kamba ya mdomo wa kiriba.

Na kiriba kitupu hakifungwi, kifungwe cha nini? Wapo watu wanakuja kwangu wanasema, Ustadh, mimi saumu yangu haina thamani, ndani nawaka hasira kutwa nzima. Namwambia ndugu yangu, kuwaka si dhambi. Kiriba chako kimejaa, ndiyo maana umepewa kamba. Swali ni kama umemwaga.

Mimi nilimwaga. Na nikamwaga kwa kutumia mzaha, ambao ni mwagiko wa kijanja, kwa sababu anayemwagiwa akilalamika anaambiwa hajui utani. Walimu wenzangu, na sisi masheikh, na nyie wazazi, tuogope sana utani wa mkubwa kwa mdogo. Mdogo hana ruhusa ya kuurudisha. Huo si utani tena.

Kuna kichekesho cha kiualimu hapa, niruhusuni. Walimu wa Kiingereza wana mchezo wa kuwatafutisha wanafunzi maneno yenye irabu zote tano, a, e, i, o, u, kwa mpangilio wake, kila moja mara moja. Abstemious ni mojawapo. Lingine linalotajwa sana ni facetious. Na facetious maana yake ni mtu anayefanya mzaha pasipofaa mzaha. Binti aliniuliza la kwanza, mimi nikamjibu kwa la pili. Subhanallah.

Sasa nirudi kwa wale Warumi na kunusa vinywa, maana magharibi inakuja na kuna nyumba naziwazia.

Kuna wenzetu saumu zao mchana ni nzuri mno. Msikitini wapo, Qur'ani wanasoma, ulimi wameuchunga. Ikilia adhana ya magharibi, kiriba kinapasuka. Uji umepoa. Tambi zimezidi sukari. Kwa nini leo hakuna kaimati? Kachori ziko wapi, na mihogo ya nazi mbona haina nazi? Mke huyo alifunga kama wewe. Alfajiri aliamka kabla yako kukutengea daku. Tangu saa tisa mchana yuko mbele ya moto, amefunga, anaonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema, kwa sababu anaogopa utasema. Umejizuia saa kumi na tatu na ushei, kisha dakika mbili za uji zimekushinda. Tunawanusa wake zetu na mabinti zetu vinywa, wameongea na nani, wamejibu vipi, wamecheka kwa sauti gani. Vyetu nani anavinusa?

Na chakula chenyewe, jamani. Abstemious hakuwa mtu asiyekula. Ni mtu anayejua pa kusimama. Mchana kusimama ni rahisi, maana mlango umefungwa kwako na kwa kila mtu. Mtihani wa kujizuia uko saa moja usiku, mlango uko wazi, sinia imejaa na hakuna anayekukataza. Hadithi ya Tirmidhi mnaijua, kwamba mwanadamu hajazi chombo kibaya kuliko tumbo lake, na kama hapana budi basi theluthi chakula, theluthi maji, theluthi pumzi. Sisi theluthi zote tatu tunampa sambusa, halafu tunashangaa imamu akirefusha rakaa tunapumua kama tumepanda mlima. Nasema tunapumua, nami nimo.

Namna ya kufunga hiyo kamba, Mtume (s.a.w.) ametufundisha. Aliyeghadhibika aombe kinga kwa Allah na shetani aliyelaaniwa, hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Akiwa amesimama akae, na isipoondoka ajinyooshe, hiyo ameipokea Abu Dawud. Na anyamaze, hiyo ameipokea Ahmad. Zote ni za mwili, mmeona? Hakuambiwa kwanza ajirekebishe moyo. Kaa chini. Nyamaza. Moyo utafuata. Na kuhusu kusema kwamba umefunga, wanazuoni wamezungumza sana: je, unamwambia yule anayekuchokoza, au unaiambia nafsi yako kimoyomoyo? Wote wana hoja zao. Mimi kwa hali yangu ya Jumatatu naona nilihitaji kuiambia nafsi, tena kwa sauti kubwa.

Kwa sisi tunaoitwa wasomi kuna kamba ya ziada, nayo ni lile neno la herufi tano. Imamu Malik (r.a.), imamu wa Madina, watu walisafiri masafa kumuuliza, na imepokewa kwamba maswali mengi alijibu kuwa hajui. Hakuona haya. Mimi mwenye cheti cha madrasa na stashahada ya ualimu niliona haya mbele ya watoto.

Haya, deni. Wanazuoni wanatufundisha kwamba kosa baina yako na Allah ni kujuta, kuacha, kuazimia kutorudia. Kosa lenye haki ya mja ndani yake linaongezeka sharti: umrudishie haki yake au akusamehe. Usiku ule nilitaka kumjibu mama kwa ujumbe, niombe radhi kwake, yaishe. Nikaanza kuandika, nikafuta. Heshima ya mtoto niliivunja mbele ya watu hamsini, nitaiunga vipi kwa simu, usiku, kwa mtu ambaye hakuwepo? Mama nikamjibu kwa ufupi tu kwamba neno si baya, ni zuri sana, mwenye kosa ni mimi, na kesho nitalirekebisha.

Nisiwadanganye, asubuhi miguu ilikuwa mizito. Nafsi ilinipa hoja nzuri nzuri. Utashusha heshima ya mwalimu. Watoto watakuzoea. Wameshasahau. Fundisha neno tu, ataelewa mwenyewe. Shetani wamefungwa minyororo mwezi huu, tumeambiwa, kwa hiyo ile sauti niliijua ni ya nani. Ni yangu.

Nikaingia kidato cha tatu. Kabla ya kufungua kitabu nikasema, "Jana mwenzenu aliuliza neno. Mimi sikulijua. Badala ya kusema sijui, nilimcheka, na nyinyi mkacheka kwa sababu yangu. Swali lake lilikuwa zuri na mimi nilikosea." Kisha nikamgeukia, nikamwita kwa jina lake, nikamwambia, "Mwanangu, naomba unisamehe."

Darasa likawa kimya. Hata wale wa nyuma. Binti ameinamia dawati, anakwaruza mbao kwa ukucha. Nilidhani hatajibu, na haki hiyo alikuwa nayo, maana kusamehe hakulazimishwi. Mkiwaomba watoto wenu radhi msiwashike koo wawasamehe hapo hapo.

Akasema taratibu, "Nimeshakusamehe, Ustadh." Akanyamaza. Kisha akainua uso. "Lakini maana yake ni nini?"

Nikaliandika ubaoni kwa herufi kubwa. Nikawapa Kilatini chake, nikawapa Pliny na kikombe cha mvinyo, nikawapa farasi wa Kiarabu na kiriba. Kengele ikalia hatujagusa zoezi namba nane. Kijana mmoja wa nyuma, mtundu, akanyoosha mkono: "Kwa hiyo Ustadh, juzi ulikuwa umefunga ila hukuwa abstemious?"

Nikamwambia, "Jana. Ilikuwa jana. Na ndiyo, sikuwa."

Wakacheka. Binti naye alicheka. Jana usiku mama yake amenitumia picha ya daftari, neno limepigwa mstari mara mbili, na chini yake kwa mwandiko mdogo maneno mengine manne anayotaka kuniuliza leo. Mawili nayajua.

Kesho in shaa Allah ni fidia, hapa hapa, baada ya alfajiri. Mwenye mzee au mgonjwa nyumbani aandae maswali yake. Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.